Kazi ya Kutoitikia

"Unajua Kiborana?"

Sabdio Jirma alikuwa bado hajaketi. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya plastiki katika ua wa hoteli moja ya Isiolo mjini, cheti chake cha diploma kikiwa kwenye bahasha, na maneno aliyoyapanga tangu alfajiri yakiwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Mwanamke aliyemuuliza, Karambu, alikuwa meneja wa kundi la watu wa Nairobi waliokuja kupiga tamthilia ya televisheni. Ndiye aliyeajiri, na ndiye aliyefukuza.

"Najua," Sabdio alisema. "Lakini nimekuja juu ya sauti. Nimesomea kurekodi sauti za filamu. Kushika bumu, kufunga maiki, kuchanganya..."

"Unajua ya kuomba maji tu, ama unaweza kutafsiri? Mtu akiongea, utuambie amesema nini?"

"Naweza. Lakini mimi ni mtu wa..."

"Aki wewe umeletwa na Mungu." Karambu alikwishaweka simu sikioni. "Mwendwa, nimepata wa kutafsiri. Msichana. Ndio, anaongea poa. Kesho tunatoka."

Sabdio akabaki na bahasha yake mkononi, haijafunguliwa hata kidogo.

Kundi hili halikuwa la kwanza kumfanyia hivyo. Isiolo si mji wa filamu, lakini ndio mlango wa kaskazini, na kila mwenye kamera anayekwenda kutafuta tembo, ukame au vumbi zuri la jioni hupita hapo kujaza mafuta na kutafuta watu. Walipokuja wale wa ukame, Sabdio alikwenda kuomba kazi ya sauti, akaishia kusimama kando ya lori la maji akiwauliza akina mama, kwa niaba ya mgeni mwenye kofia, walijisikiaje mifugo yao ilipokufa. Walipokuja wale wa tangazo la simu, alikwenda tena na cheti chake. Akaishia kuwaambia wachungaji wasimame wapi na watabasamu lini. Kila mara aliuliza habari ya sauti, na kila mara aliambiwa wanataka mtu mwenye uzoefu. Huo uzoefu wenyewe hakuna aliyemwambia unauzwa duka gani.

Nyumbani nako hakukuwa na wa kumwelewa. Mama yake, aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni na ambaye ulimi wake ulijulikana kuanzia kwa wachuuzi wa miraa hadi kwa madereva wa malori, alimsikiliza jioni hiyo akilalamika, kisha akaweka kibuyu chini.

"Yaani wanakulipa kwa kuongea," mama alisema, "nawe unataka wakulipe kwa kubeba mti?"

"Si mti, mama. Ni bumu, ufito wa maiki."

"Ufito ni mti. Mtu anapelekwa chuo miaka yote hiyo ili aje abebe mti? Si ungeniambia mapema nikupeleke ukachanje kuni Gotu?"

Na kweli, kesho yake Sabdio alipelekwa Gotu, lakini si kuchanja kuni. Magari yaliacha lami, yakafuata njia ya vumbi hadi karibu na mto, mahali ambapo mikoma imesimama kama watu wanaongoja kuitwa. Nyumba waliyoichagua ilikuwa ya Akko Kabale. *Akko* ni nyanya kwa Kiborana, na Kabale alikuwa akko wa Gotu nzima, awe amekuzaa au hajakuzaa. Mwendwa, mwongozaji, alimwona akipita na mbuzi zake katika safari ya kwanza ya kutafuta mahali, akasema uso ule hawezi kuupata Nairobi hata kwa dawa. Alimtaka aketi mlangoni mwa nyumba yake na kusimulia kwa maneno yake mwenyewe jinsi walivyohama mwaka wa ukame mkubwa. Mbele yake angeketi Gatakaa, mwigizaji kutoka Nairobi, aliyekuwa mjukuu katika hadithi. Gatakaa hakujua neno hata moja la Kiborana. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kulia kidogo.

Asubuhi hiyo jambo moja lilitokea ambalo Sabdio, ingawa hangelikiri mbele ya watu, alilipokea kama rehema. Akina mama walileta susa, maziwa ya ngamia yaliyochacha, na yule kijana aliyekuwa akishika ufito wa maiki akayapenda.

"Kunywa polepole," Sabdio alimwonya. "Tumbo lako bado ni geni."

"Mimi ni wa Eastlands, siogopi kitu," kijana akasema, akaomba kikombe kingine, na baada ya hicho akaomba kingine.

Kabla ya adhuhuri alikuwa nyuma ya mikoma, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, na wakati wa chakula aliingizwa kwenye gari na kurudishwa mjini, kichwa nje ya dirisha.

Mkuu wake, Mutea, alibaki amesimama na ufito. Mutea alikuwa mtu wa mji wa Maua, mnene, mtaratibu, na ndiye aliyesimamia sauti yote ya tamthilia ile. Hedifoni zake alizivaa shingoni jinsi wengine wanavyovaa skafu, na shavuni mwake miraa haikukauka isipokuwa kamera ilipowashwa. Hapo aliitema, kwa sababu alisema kutafuna kwake kunasikika mpaka Meru.

"Sasa nani ana mikono hapa?" aliuliza.

"Mimi," Sabdio alisema.

"Wewe si ndiye wa kutafsiri?"

"Mimi ni mtu wa sauti. Kutafsiri ni kazi mliyonipa nyinyi."

Mutea alimtazama, kisha akamnyooshea ufito. Sabdio hakuupokea kwanza. Alivua bangili akazitia mfukoni, akakusanya ncha za mtandio wake na kuzifunga nyuma zisipigepige, akavua viatu. Ndipo alipoushika, mkono mmoja mbele na mmoja nyuma, akauinua juu ya kichwa, viwiko vimenyooka, mdomo wa maiki umeinama kidogo kuelekea mahali ambapo kifua cha Akko Kabale kingekuwa. Hakutikisika.

"Umefunzwa," Mutea alisema.

"Ilikuwa kwenye bahasha."

"Bahasha gani?"

"Achana nayo."

Mutea akacheka. Alimwita Mwendwa na Karambu, akawaambia huyu ndiye atashika bumu leo. Mwendwa akauliza, "Na kutafsiri?" Sabdio akasema atafanya yote mawili.

"Sikiza, dada," Mutea akamwambia walipobaki peke yao. "Ukitoka salama kwa hii sini, nakuweka mpaka tumalize. Yule kijana akipona atafanya kazi ingine. Na jina lako litaandikwa mwisho, kwa watu wa sauti. Lakini kitu moja. Anayeshika bumu hana mdomo. Hakohoi, hapigi chafya, hasemi. Ni kama ukuta."

"Najua. Ndilo somo la kwanza."

"Wote wanasema wanajua."

Akaondoka kwenda kwenye mashine yake. Sabdio alisimama palepale, moyo ukimwenda mbio kama wa mtoto siku ya Idi. Mpaka tumalize. Jina, kwa watu wa sauti. Watakaokuja baadaye wakimuuliza uzoefu, atawaonyesha kwa kidole.

Akko Kabale aliketi mlangoni, mwanga ukimwangukia upande mmoja wa uso. Sabdio alikuwa amemsalimu tangu asubuhi kama inavyostahili, amemuuliza habari za nyumba, za mifugo, za mvua, na kikongwe alikuwa amefurahi kwamba angalau mmoja kati ya watu hawa amezaliwa na mtu. Gatakaa akaketi mbele yake, shuka limemkaa vizuri. Sabdio akasimama ubavuni, nje ya picha, akainua ufito.

"Kimya kwa seti!"

Mutea akatema miraa. "Sauti iko."

"Haya, shosho," Mwendwa akasema. "Twende."

Akko Kabale alitazama mto kwa mbali, akavuta pumzi.

"Mwaka ule mvua ilitupita," alisema kwa Kiborana.

Akangoja. Seti nzima ilikuwa kimya. Gatakaa alikuwa amemkazia macho, machozi yakiwa tayari yamefika kwenye kope.

"Ng'ombe walianza kuanguka kabla hatujahama," Akko akasema. Akangoja tena. Kisha akageuka polepole, akamtazama Gatakaa kuanzia utosini hadi miguuni. "Huyu ana nini? Ni mgonjwa?"

"Kata," Mwendwa akasema. "Kwa nini amesimama? Sabdio, mwambie aongee tu, mfululizo, asituangalie."

Sabdio alijua kwa nini. Kwao mtu hasimulii peke yake. Msimulizi hutoa neno, na msikilizaji hulipokea: *ee*. Si kwamba anakubali. Anasema tu kwamba neno limefika na lingine lije. Asiyeitikia ama amekudharau, ama ana kinyongo nawe, na kwa vyovyote vile huna sababu ya kuendelea kumpa maneno. Sabdio mwenyewe alifundishwa hivyo akiwa hajaota meno ya mbele. Nyanya yake alikuwa akimfinya paja akisinzia na kuacha hadithi ikidondoka chini.

Alimweleza Akko kwamba watu hawa wana desturi yao ya kunyamaza, asiwahesabie. Akko akasema hewala, nyumba yake imepokea watu wa ajabu zaidi ya hawa.

"Sauti iko."

"Mwaka ule mvua ilitupita," Akko akasema.

"Ee," mdomo ukasema.

Sabdio hakujua ni mdomo wa nani mpaka alipomwona Mutea ameinua kichwa na kumtazama yeye.

"Kata! Nani huyo?"

"Ni mimi," Sabdio alisema. Uso ulikuwa ukimwaka. "Samahani. Imenitoka."

"Imekutoka aje?" Karambu alifoka kutoka nyuma. "Kwani unashika maiki ama uko kwa mkutano?"

"Mara moja," Mutea alisema, akiinua kidole kimoja kwa Sabdio. "Hiyo nimesahau. Twende."

Mara hii aliuma midomo yote miwili. Akko akasema mvua ilitupita, na *ee* ikapanda kooni mwa Sabdio kama kwikwi, akaimeza. Akko akasema ng'ombe walianza kuanguka. Akameza tena. Maneno ya tatu hayakuja. Kikongwe alikuwa ameinua macho, si kwa kamera, si kwa Gatakaa, bali kwake yeye, aliyekuwa amenyanyua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Binti Jirma," Akko alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko fimbo. "Wewe unanisikia, na wewe pia unaninyamazia. Nimekukosea nini?"

"Amesema nini?" Mwendwa akauliza.

Sabdio alishusha ufito. "Anauliza amenikosea nini."

"Mwambie hajakukosea! Aendelee!"

"Hawezi kuendelea. Hakuna anayemwitikia." Akawaeleza, kwa maneno machache, huku akihisi kila neno linampeleka mbali na ufito. Kwa sababu alikuwa akifanya tena ile kazi. Alikuwa akitafsiri, na safari hii alichotafsiri hakikuwa hata maneno.

"Lakini hiyo ni rahisi," Mwendwa alisema. "Gatakaa, sema *ee*."

"Ee," Gatakaa alisema vizuri kabisa.

Wakaanza upya. Mwaka ule mvua, Akko akasema, na Gatakaa akasema *ee* katikati ya mvua. Akko akakunja uso, akajikaza. Baba wa watoto wangu, akasema. "Ee." Alichukua. "Ee." Ngamia. "Ee, ee," Gatakaa akasema, machozi yakimtiririka.

Akko Kabale akafunika mdomo kwa mkono. "Huyu anaitikia kabla sijasema! Kama mbuzi aliyesikia chumvi inatikiswa." Akina mama waliokuwa wakitazama kutoka kwenye kivuli wakaangua kicheko, mmoja wao akalia *ee! ee!* kwa sauti ya mbuzi, na sini ikafa.

"Wananicheka?" Gatakaa aliuliza.

"Wanasema unalia vizuri," Sabdio alisema.

Mwendwa alikuwa pembeni na Mutea, amevaa hedifoni, akisikiliza kitu. Aliporudi alikuwa na sura ya mtu aliyeokota pesa njiani.

"Ile *ee* yako ya kwanza," alimwambia Sabdio, "ni tamu sana. Nimesikiza tena. Inabeba kitu. Sasa tufanye hivi. Wewe ukae hapa chini ya kamera, umwitikie shosho yeye akikuangalia. Sauti yako tutaiweka kwa Gatakaa wakati wa kuhariri. Ufito mpe yule jamaa wa taa."

Sabdio hakutoa ufito.

"Yaani mnachukua sauti yangu mnampa Gatakaa," alisema, "na kazi yangu mnampa mtu wa taa."

"Ni sini moja tu."

"Ni sini moja tu kila siku! Watu wa ukame walisema ni siku moja tu. Wa simu wakasema ni leo tu. Mkikuja huku mnataka sura zetu na mnataka ulimi wetu. Mikono yetu hakuna mtu anataka. Huyo wa taa amesomea sauti wapi?"

"Sabdio, mama," Karambu alisema, akionyesha mbingu, "usituletee siasa. Jua linashuka."

"Si siasa. Mutea, nisikize. Nifunge maiki ndogo kifuani. Iende kwa njia yake, tofauti na ya Akko. Nitashika bumu na nitamwitikia. Akko akingoja kuitikiwa hasemi, kwa hivyo maneno hayagongani. Unapata yeye safi na mimi safi."

Watu wote wakamgeukia Mutea. Mutea alihamisha miraa kutoka shavu hili hadi lile, taratibu, kana kwamba jua lilikuwa la mtu mwingine.

"Inawezekana," alisema. "Lakini ukipumua kwa nguvu, inaingia. Ukiongea, mkono unatikisika. Mtu akiongea mwili wote unaongea, hujui?"

"Najua."

"Mfungeni maiki," Mwendwa akasema. "Haraka."

Hivyo ndivyo Sabdio alivyosimama kwa mara nyingine, maiki ndogo chini ya mtandio, ufito juu ya kichwa, na Akko akasema mwaka ule mvua ilitupita.

"Ee," Sabdio akaitikia.

Ungeona uso wa kikongwe ulivyofunguka. Maneno yakaanza kutembea. Ng'ombe walianza kuanguka. Ee. Baba wa watoto wangu alichukua ngamia waliobaki akasema tufuate mto. Ee. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. *Hayye*, haya, akaitikia, ee. Usiku tuliwasha moto mdogo ili fisi wasijue tuko wachache. Ee.

Mwendwa alikuwa ameinama nyuma ya mpiga picha, mkono mdomoni, hapumui. Simulizi lilikuwa likienda. Na lilipokuwa likienda, Sabdio aligundua kosa lake, kosa ambalo somo la kwanza la chuoni halikulitaja kwa sababu mwalimu hakuwa Mborana. Msimulizi anayeitikiwa vizuri hafupishi. Kila *ee* aliyoitoa ilikuwa kuni motoni. Akko hakuruka hata mti mmoja wa njiani. Alimtaja kila ngamia kwa jina lake na tabia yake, na nani alimzaa nani, na mabega ya Sabdio yakaanza kuchomeka, kisha yakafa ganzi, kisha yakarudi kuchomeka kwa moto mwingine. Jasho liliingia jichoni. Hangeweza kulifuta.

Ningenyamaza tu, aliwaza. Nikinyamaza mara mbili atasimama, na mikono yangu itapona. Lakini Mwendwa alitaka mpaka wanapofika mtoni, na mtoni walikuwa bado. Na tena, si kwa Mwendwa tu. Mwanamke huyu alikuwa akimsimulia yeye.

"Dada yangu alikuwa na ndama," Akko akasema.

"Ee."

"Ndama alikataa kutembea."

"Ee."

"Nikamwambia mwache. Akasema, tangulieni, akipumzika tutawafuata."

Sauti ya Akko haikubadilika. Alikuwa akisema kama anavyosema habari za kuni. Sabdio alifungua mdomo, na *ee* ilitoka ndogo, nzima, mahali pake. Lakini Mutea alikuwa amesema kweli, mwili wote unaongea. Viwiko vilishuka kwa upana wa vidole viwili, labda vitatu.

Mpiga picha akainua mkono hewani. Mwendwa hakusema kata. Akko alifika mtoni, akanywa, akageuka kutazama nyuma, akamaliza. Hapo tu ndipo Mwendwa aliposema kata, na hakuna aliyepiga makofi.

"Maiki imeingia," mpiga picha akasema.

Waliitazama kwenye kioo kidogo. Juu ya kichwa cha Akko Kabale, pale aliposema tangulieni, kitu cheusi chenye manyoya kilishuka kutoka mbinguni kama paka anayening'inia, kikakaa hapo mpaka mwisho.

Sabdio akawatafsiria pale: dada aliyebaki nyuma na ndama, asifike mtoni kamwe. Mwendwa alishika kichwa. "Mwambie arudie. Kutoka kwa dada tu."

Sabdio alikwenda akachutama mbele ya Akko. Aliuliza, kwa maneno ya heshima aliyoweza kuyapata, kama angeweza kurudia ile habari ya dada.

"Wewe uliisikia?" Akko akauliza.

"Niliisikia."

"Basi imesemwa." Akko akajishika magoti, akainuka, akaenda kuangalia mbuzi zake.

Sabdio hakuhitaji kutafsiri hilo. Karambu alikuwa amelielewa kwa mgongo wa kikongwe. "Ndiyo maana tunatakanga watu wenye uzoefu," alisema, si kwa hasira hata, bali kwa uchovu, na hilo ndilo lililomuuma Sabdio zaidi.

"Sauti haina doa," Mutea alisema kutoka kwenye mashine yake. "Hata pumzi haimo. Mwendwa, kesho piga mikono ya shosho, piga moto, piga ngamia. Utafunika pale. Sauti utaibeba yote."

"Nitafunika," Mwendwa akasema bila furaha. "Nitafanya nini kingine?"

Watu wakaanza kufungasha. Sabdio alikunja nyaya bila kuambiwa, akizizungusha kama alivyofundishwa zisije zikajipinda, mpaka Mutea alipofika alipokuwa.

"Ulisema nikitoka salama," Sabdio akasema.

"Nilisema."

"Sauti si ni salama?"

"Sauti ndio. Lakini bumu imeingia kwa picha, na kila mtu ameona. Wakiniuliza ni nani nitasema nini? Kijana wangu amepiga simu, tumbo limetulia. Kesho anarudi."

Sabdio alikaza fundo la waya wa mwisho. Karambu akaja wakati huohuo, simu mkononi, sauti imelainika.

"Sabdio, Mwendwa amekupenda. Anataka ukae na sisi mpaka mwisho, kwa kutafsiri na hiyo mambo ya kuitikia. Tutakuongeza kitu. Gari itakuchukua kwenu asubuhi."

"Kesho tafuteni mwingine," Sabdio alisema.

Karambu alidhani hakusikia vizuri. "Unakataa kazi? Hapa Isiolo?"

"Nakataa hiyo."

"Wewe binti una kiburi."

"Ndio, madam."

Karambu alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake akipiga simu. Sabdio alivaa viatu. Mtu wa taa alipita na ufito wa maiki begani, ukigongana na matawi, na akataka kumpigia kelele kwamba hivyo haubebwi, kisha akaacha. Alitaka kulia, na alikataa kulia mbele ya Gatakaa, ambaye angemfanya aonekane hajui kulia.

"Mwezi ujao," Mutea alisema nyuma yake, "nitakuwa Oldonyiro. Kuna watu wanapiga filamu ya soko la mifugo."

Sabdio hakugeuka.

"Bumu nimeshampa mtu. Nataka wa kubeba masanduku, kuchaji betri, kufunga watu maiki. Kazi ya punda. Jina litaandikwa, lakini herufi ndogo sana."

"Wakisikia nimetoka Isiolo wataniambia nitafsiri."

"Utawatafsiria nini?" Mutea alitoa kijiti kipya cha miraa, akakibandua ganda. "Huko ni Wasamburu. Unajua Kisamburu?"

"Sijui."

"Hata kusalimia?"

"Hata kusalimia."

"Basi huko utakuwa bubu kama sisi wengine. Mtu akisimulia, hata dada yake akifa mara kumi, wewe hutajua pa kuitikia."

Sabdio aligeuka. Alimtazama akitafuta dhihaka usoni, na ilikuwapo, lakini haikuwa peke yake. Mabega yalikuwa yakimuuma hadi shingoni. Chini kwenye mto mbuzi wa Akko Kabale walikuwa wakinywa, na kikongwe alikuwa akiwaambia jambo refu ambalo halikuhitaji kujibiwa.

"Yale masanduku," Sabdio alisema, "ni ya sauti?"

"Ni ya sauti."

"Niambie siku."